Pilipili ya baridi iliyomuunguza mgeni

"Shikamoo mtaalamu. Nauza mihogo ya kuchoma na ya kukaanga pale Coco Beach, huu mwaka wa sita. Jumamosi alikuja mgeni wa Kizungu na mkewe. Akanyoosha kidole kwenye bakuli la pilipili, akaniuliza, 'Is it hot?' Pilipili ilikuwa imetoka kwenye deli la barafu muda huo huo, nikamjibu kwa moyo mweupe, 'No, cold.' Akachota kijiko kizima akaupaka muhogo wote. Dakika moja tu, machozi na makamasi. Akanywa maji, akanywa soda, akanywa bia mbili, na kila akinywa ni kama anamwagia mafuta ya taa. Mkewe akasema nimewadanganya. Naomba kujua: pilipili ina moto wa kweli? Nimemuunguza ulimi? Na kwa nini Kiingereza kiite kitu cha baridi hot? Halafu mimi mwenyewe nikikata pilipili mbuzi mikono inaniwaka mpaka usiku, hasa nikisimama kwenye jiko, na juzi nilijigusa jicho nikadhani nimepofuka. Mama mkwe anasema biashara hii itawapa watu vidonda vya tumbo. Mwanangu wa darasa la nne naye ana swali lake: mbona kuku wa jirani wanadonoa pilipili na hawalii?"

Marahaba, dada. Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe. Mara ya pili nikaona kwamba chini ya kicheko kuna mtu anayehofia kuwa ameumiza mteja wake, na huyo anastahili jibu lililonyooka.

Hukumdanganya. Yeye aliuliza ukali, wewe ukasikia joto, ukajibu joto. Mlielewana vizuri kabisa hadi kijiko kilipofika mdomoni. Na ulimi wake hukuuunguza. Uwezekano mkubwa ni kwamba ndani ya nusu saa moto ulishapoa, na siku ya pili ulimi ulikuwa mzima kama ulivyokuja. Chai iliyotoka jikoni sasa hivi hubabua ngozi ya ulimi, ukaikuta asubuhi inakwaruza. Pilipili haifanyi hivyo. Chukua kipimajoto ukichomeke kwenye bakuli lako: kitakusomea ubaridi wa deli, hakitaona moto wowote.

Kilichomliza ni kemikali iitwayo kapsaisini. Imejaa zaidi kwenye ule utando mweupe wa katikati unaozishika mbegu. Mbegu zenyewe husingiziwa tu kwa kuwa wanakaa nyumba moja. Ukitaka kupunguza ukali wa pilipili mbuzi, kwangua ule utando. Kuhangaika na kuokota mbegu moja moja ni kupoteza jioni.

Sasa sikiliza kapsaisini inavyofanya kazi, maana maswali yako karibu yote yanajibiwa hapa. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu ya ulimi, ngozi na jicho kuna vilango vidogo sana ambavyo kazi yake ni kupiga king'ora joto linapofika mahali pa kudhuru, yaani kama nyuzijoto 43 na kuendelea. Supu ya moto ikigusa ulimi, kilango kinafunguka, king'ora kinapanda hadi kwenye ubongo: moto! Kapsaisini, kwa umbo lake, inaingia kwenye kilango hicho hicho na kukifungua bila joto lolote. Ubongo uko juu gizani, hauna dirisha. Unachopata ni king'ora, na king'ora ni kile kile. Hauna namna ya kujua kama aliyebonyeza ni moto au ni tunda kutoka Kariakoo. Kwa hiyo unafanya yote ambayo mwili hufanya unapoungua: damu inakimbilia usoni, jasho linatoka, machozi na makamasi yanaletwa kuosha hatari. Mgeni wako alikuwa anazimiwa moto ambao haupo. Na kwa unyevu wa hewa ya Dar, hata lile jasho lilikuwa halikauki, basi akabaki amelowa tu.

Aliyekitambua kilango hiki ni David Julius na wenzake huko Marekani, mwaka 1997, na walifika hapo kwa kuifuata pilipili. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Kilango chenyewe wataalamu wanakiita TRPV1, jina ambalo ukiliona haraka utadhani ni namba ya bodaboda. Kina ndugu yake anayepiga king'ora cha baridi, na huyo naye anadanganyika: menthol iliyomo kwenye peremende ndiyo inayombonyeza. Ndiyo maana ukimumunya peremende kisha ukavuta pumzi, mdomo unakuwa kama mtu kafungua friji, wakati hakuna kilichopoa.

Kwa hiyo hebu tumtendee haki Mwingereza kidogo kabla hatujamcheka. Neno lake linarudia kile ambacho mshipa umeuambia ubongo, neno kwa neno. Nasi je? Taa tunaiwasha. Moto tunauwasha. Na pilipili? Inawasha. "Pilipili usiyoila yakuwashiani," wanasema wazee, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia maabara. Mhispania naye anasema inachoma, kama sindano. Kila mtu kasikia king'ora kile kile, akakitafutia neno nyumbani kwake. Tofauti ni kwamba sisi, tukiwa mezani, tunatenga: chakula ni cha moto, au ni kikali. Mwingereza kavitia vyote gunia moja.

Lakini nawe usijidai sana, maana hilo neno "kali" nalo limebeba mzigo. Kisu kikali, jua kali, siki kali, mwalimu wa hesabu mkali. Mgeni aliyejifunza Kiswahili chake mbele ya sahani ya pilipili, siku akisimama kwenye geti la Masaki lililoandikwa "Mbwa mkali", ana haki ya kujiuliza nani kamwekea pilipili.

Turudi kwenye mikono yako, kwa sababu umeandika kitu ambacho wengi hawakigundui: kwamba inawaka zaidi ukisimama jikoni. Hilo ni kweli na lina maelezo. Kapsaisini ikishakaa kwenye kilango inakifanya kiwe na woga. Kile kilichokuwa kinasubiri nyuzijoto 43 sasa kinapiga kelele chini ya hapo, hata kwa joto ambalo siku zote unalivumilia. Wewe unakata pilipili alasiri, halafu jioni nzima mikono iko juu ya jiko la mkaa unageuza mihogo. Mkaa haujabadilika, king'ora ndicho kimesogezwa chini. Maji ya moto ya kuoshea vyombo yatakufanya hivyo hivyo. Na ndivyo ilivyo kwa anayewashwa halafu akapewa chai: chai vuguvugu inageuka uji wa moto mdomoni.

Dawa ya mikono ni mafuta. Kapsaisini haipendani na maji, inapendana na mafuta. Paka mafuta ya kupikia mikononi kabla hujashika kisu, na ukimaliza kukata paka tena, sugua kwenye kucha na katikati ya vidole, futa kwa karatasi, ndipo uoshe kwa sabuni nyingi ya kuoshea vyombo na maji ya baridi, mara mbili. Ukiosha kwa maji peke yake unaisambaza tu kutoka vidoleni kwenda kiganjani. Bora zaidi vaa glavu. Zinauzwa kwenye maduka ya dawa, na hata mfuko safi wa plastiki uliofungwa mkononi unasaidia. Mimi niliyekuandikia haya kwa ufasaha niliwahi kukata pilipili kichaa kwa ajili ya achari, nikanawa vizuri kama ninavyoona mimi, na saa mbili baadaye nikaenda chooni. Sitaeleza zaidi.

Jicho ni habari nyingine. Huko usipeleke mafuta wala maziwa, hata kama umeona watu wakifanya hivyo kwenye simu. Maziwa ya kunywa si safi kwa kiwango cha jicho. Nawa mikono kwanza kwa ule utaratibu wa mafuta na sabuni, kisha mwagia jicho maji safi ya bomba au ya chupa, taratibu, kwa robo saa, ukiwa unapepesa. Usilifikiche. Litakuwa jekundu na litauma, halafu litatulia.

Kuhusu vinywaji vya mgeni: kila alichoagiza kilikuwa ni maji yaliyovaa nguo tofauti. Maji ni maji. Soda ni maji na sukari na gesi, na ile gesi nayo inauchokoza ulimi kivyake. Bia ni maji yenye kilevi kidogo mno kuweza kuyeyusha kitu. Vikiwa vya baridi vinampa nafuu kweli, kwa sababu baridi inakituliza kilango, ila nafuu hiyo inaondoka pamoja na funda. Akimeza tu, joto lake mwenyewe la mwili linatosha kuamsha king'ora upya, ndiyo maana ulimwona kama anamwagia mafuta ya taa.

Kinachofaa ni maziwa. Ndani yake kuna protini iitwayo kaseini inayoishika kapsaisini na kuondoka nayo, na hata maziwa yaliyotolewa mafuta yanafanya kazi hiyo. Mtindi wa baridi ni mzuri zaidi kwa biashara yako, maana unakaa ulimini. Kama huna, kijiko cha sukari kikayeyuke taratibu juu ya ulimi. Kama huna hicho nacho, mpe muhogo mtupu atafune, unasugua na kufyonza kidogo. Madafu usimwahidi, yanaburudisha, lakini kwenye mambo haya ni maji tu. Ningekuwa wewe ningeweka pakiti mbili za mtindi kwenye lile deli, na nisingeona aibu kuziuza.

Sasa Kiingereza chenyewe, maana uliuliza, na mimi hapa nikianza sinyamazi. Hot kwao ni chai, ni pilipili, ni mali ya wizi ambayo bado polisi wanaitafuta, ni mtu mwenye sura ya kuvutia. Cool maana yake ni ubaridi, lakini ukimwambia kijana wao yuko cool umemsifu, na ukimwambia yuko hot umemsifu pia. Juu na chini ya kipimajoto, kote ni sifa. Halafu njoo kwenye pilipili yenyewe: wanaiita chilli. Na neno lao la kusema kuna kijiubaridi ni chilly. Yanatamkwa sawasawa kabisa! La kwanza lilitoka Mexico, kwenye lugha ya Waazteki, la pili ni la kwao la tangu zamani, yakakutana njiani bila kujuana. Kwa hiyo ungemjibu "chilly", ukimaanisha imetoka kwenye barafu, angesikia umemwambia "pilipili", na angekuwa ameonywa. Umekosa kuokoka kwa neno moja.

Na lile jina pepper ni kosa la mtu mmoja na safari yake. Mwaka 1492 Christopher Columbus alikuwa anatafuta njia ya kwenda Asia, kwenye viungo, na pilipili manga ilikuwa miongoni mwa vilivyokuwa na thamani. Akaishia visiwa vya Karibiani, akakuta watu wanakula tunda jekundu linalowasha, akaliita kwa jina la kile alichokuwa anakitafuta. Mimea hiyo miwili ni ya koo tofauti kabisa. Ungecheka, ila nasi tulifanya hivyo hivyo. Jina letu "pilipili" lilikuja kupitia Waarabu na Waajemi kutoka India, ambako lilikuwa la jamii ya pilipili manga. Tunda la Amerika lilipofika pwani tukalivika jina hilo hilo, na yule mwenye jina lake tukamwongezea "manga" ili asipotee. Jambo la kuchekesha ni kwamba pepper na pilipili ni neno moja. Yote mawili yalitoka India, moja likapanda kwa Wagiriki na Warumi, moja likashuka na jahazi. Wewe na mgeni wako mlikuwa mnatazama bakuli moja, mna jina moja, na bado mkapishana.

Umjibu nini safari nyingine? Watakushauri useme spicy. Ni bora kuliko hot, lakini lina mtego wake: kwa wengine spicy ni ukali, kwa wengine ni viungo tu. Jirani yako wa pilau akiulizwa kama pilau yake ni spicy, atasema ndiyo kwa fahari, akifikiria iliki na mdalasini na karafuu, na mgeni ataondoka kwenda kutafuta chipsi. Ushauri wangu ni huu: usiutegemee ulimi wa mtu yeyote, wa kwako wala wa kwake. Usimpakie mtu. Pilipili ikae pembeni kwenye kibakuli chake, weka pilipili mbuzi nzima moja juu kama bendera, na mpe nukta kwenye ncha ya kijiko aonje kabla hajachota. Wewe mwenyewe huwezi kuwa kipimo. Miaka sita ya kuonja imezichosha hizo ncha za mishipa, na uchovu huo ndio watu wanaouita kuzoea. Hata dawa nyingine za kuchua viungo zina kapsaisini kwa sababu hiyo hiyo: zinawasha kwanza, kisha mshipa unachoka kulalamika.

Mama mkwe. Huyu tumjibu kwa heshima, kwa sababu kwa miaka mingi hata madaktari walifikiri karibu kama yeye, wakilaumu vyakula vikali na mawazo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kuna bakteria wanaoishi kwenye tumbo, Helicobacter pylori. Watu hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akachukua kikombe cha bakteria hao akakinywa, akaugua tumbo, akapimwa, wakakutwa wapo. Mwaka 2005 walipata Nobel. Leo tunajua vidonda vingi vinaletwa na bakteria hao, na vingine vingi vinaletwa na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambazo watu humeza kila siku kama karanga. Bakuli lako halimo.

Lakini sitakwambia mama mkwe kakosea kabisa. Mwenye kidonda tayari, au mwenye kiungulia, pilipili itamtesa, na akisema imemzidishia ni kweli yake. Vilango vile viko njia nzima kutoka juu hadi mlango wa mwisho, kwa hiyo anayekula nyingi leo huenda akazikumbuka kesho asubuhi. Mteja akikataa pilipili usimbembeleze.

Yako mambo ambayo hayasubiri barua wala mtindi. Mtu akila akavimba midomo au uso, au akaanza kukoroma anapovuta pumzi, huyo hawashwi, mwili umekataa chakula. Apelekwe hospitali muda huo huo. Vivyo hivyo mwenye pumu aliyebanwa kifua na ule moshi wa pilipili ikidondokea kwenye mafuta ya moto. Anayetapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, asiambiwe aache pilipili tu, aende akapimwe leo. Mwenye maumivu ya tumbo yanayorudi kwa wiki kadhaa naye akapimwe hao bakteria, dawa yao ipo na wagonjwa wanapona. Na jicho lako wewe: kama baada ya kuosha kwa robo saa bado linauma sana, linaona ukungu au haliwezi kutazama mwanga, nenda kwa daktari wa macho ana kwa ana. Umesema ni juzi. Kama leo limetulia na unaona kama kawaida, basi limepona.

Imebaki kesi ya kuku. Mwambie mwanao ameuliza swali ambalo watafiti wamelifanyia kazi. Kuku na ndege wengine wana kilango kama chetu, ila chao kapsaisini haikifungui. Kuku atasikia mkaa wa moto, pilipili hataisikia hata kidogo. Na mpilipili una faida hapo. Mnyama mwenye magego, kama panya, anazisaga mbegu na kuziua, kwa hiyo anawashwa akimbie. Ndege hana meno, anazimeza nzima, anaruka nazo, anakwenda kuzidondosha mbali pamoja na mbolea yake. Mwambie atazame chini ya mti ambao ndege hupenda kulala, na kando ya ukuta wa jirani mwenye kuku: akikuta mche wa pilipili kichaa ambao hakuna aliyeupanda, atajua nani kaupanda.